Namna ya Kukuza Kipaji cha Ubunifu cha Mtoto Nyumbani: Mwongozo kwa Wazazi wa Unguja na Pemba

Maswali ambayo wazazi huuliza juu ya vipaji vya watoto wao ni yale yale, yawe yameulizwa barazani Mjini Unguja au dukani Wete. Mtoto wangu anachora kuta zote za nyumba, je, nimzuie? Nitajuaje kwamba ana kipaji kweli? Rangi ni ghali, nianze na nini? Akishughulika na mambo haya hatafeli skuli? Kwa kuwa maswali hayo hayapungui, nimeona ni vyema majibu yake yaandikwe pahala pamoja, kwa mpangilio ambao mzazi anaweza kuufuata hatua kwa hatua hata kama yeye mwenyewe hajapata kushika brashi maishani mwake.

Mwongozo huu unamhusu mtoto wa umri wa miaka 3 hadi 12 hivi. Hatua zote zimejengwa juu ya jambo moja, nalo ni kwamba kazi kubwa ya mzazi ni kumpa mtoto wakati, pahala na vifaa, kisha kumwacha amalize alichokianza. Mafundisho hufuata baadaye, na mara nyingi hutolewa na mtu mwingine. Mzazi anayeanza na mafundisho hujikuta ana mtoto anayesubiri kuambiwa la kufanya.

UTAKACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Wakati. Nusu saa inatosha kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na saa moja kwa aliye mkubwa zaidi, siku tatu au nne kwa wiki.

Pahala. Kona ya ukumbi, kipande cha ua chenye kivuli, au jamvi kuukuu la kutandika barazani. Sharti lake ni moja tu: pawe pahala ambapo kuchafua si kosa.

Vifaa. Karatasi zilizotumika upande mmoja, makatoni ya biskuti, penseli, mkasi usio na ncha kali, uzi, vifuu vya nazi, vizibo vya soda, vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani, na boksi moja kubwa la kuhifadhia kazi zilizokwisha. Rangi, gundi na makaa ya kuchorea utavitengeneza mwenyewe katika hatua ya 3.

Daftari dogo la kwako mzazi. Usilidharau, kwa sababu hatua ya kwanza haiwezekani bila ya hilo.

Makubaliano ya watu wa nyumbani. Zungumza mapema na mwenzako, na bibi na babu wa mtoto, na kaka na dada zake wakubwa. Mtu mmoja anayesema "hebu acha upuuzi huo" kila anapopita anaweza kuharibu kazi ya miezi.

HATUA

1. Mtazame mtoto kwa wiki mbili bila ya kumwambia lolote.

Andika katika daftari lako mambo anayoyarudia mwenyewe bila ya kutumwa. Je, anakusanya vijiti na kuvipanga? Anaigiza sauti ya muuza samaki? Anabadilisha maneno ya nyimbo? Anachora mchangani akingoja kuitwa kula? Kipaji cha mtoto mdogo hakionekani katika uzuri wa kazi yake, kwa sababu mkono wake bado haujakomaa. Kinaonekana katika jambo analolirudia, na katika muda anaoweza kukaa nalo kabla ya kuchoka.

Kosa la kawaida hapa ni kuamua mapema. Mzazi huona mtoto kapiga kopo mara mbili, akatangaza kwamba huyu ni mwanamuziki, na kuanzia siku hiyo akafunga milango mingine yote. Mtoto wa miaka 4 anayechora sana leo anaweza kuwa mtunzi wa hadithi akifika miaka 9, na kuchora kwake kulikuwa ni namna yake ya kusimulia kabla ya kujua kuandika.

2. Tenga saa isiyobadilika.

Siku ya mtoto wa Zanzibar imejaa. Kuna skuli, kuna chuoni kwa masomo ya Kurani, kuna kutumwa dukani na kuteka maji. Kwa anayesoma zamu ya asubuhi na kwenda chuoni mchana, wakati unaofaa ni baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Kwa anayesoma zamu ya mchana, ni asubuhi baada ya kazi ndogo ndogo za nyumbani. Chagua wakati mmoja, ushikilie, na usiutumie kama adhabu kwa kuuondoa kila anapokosea jambo jingine. Akichelewa kurudi dukani, muadhibu kwa njia nyingine.

Katika saa hiyo simu na televisheni zizimwe, na yako ikiwemo.

3. Tayarisha vifaa kutokana na vilivyopo.

Hapa nitakaa kidogo, maana wazazi wengi hukwama kwa kudhani kwamba bila ya rangi za dukani hakuna kinachowezekana.

Makaa ya kuchorea. Kata vijiti vikavu vyenye unene wa penseli, uvimenye maganda, uvipange vibanane ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, kisha utoboe mfuniko tundu moja dogo kwa msumari. Weka kopo kwenye moto wa kuni. Moshi utatoka tunduni kwa muda. Ukikoma kutoka, ondoa kopo na uliache lipoe kabisa kabla ya kulifungua. Likifunguliwa likiwa na moto, hewa huingia na vijiti vyote huwaka vikawa majivu. Kazi ya moto ni ya mtu mzima peke yake.

Gundi. Koroga kijiko kikubwa 1 cha unga wa ngano na vijiko 5 vya maji baridi mpaka madonge yaishe, ongeza nusu kikombe cha maji yanayochemka, kisha ubandike kwenye moto mdogo huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji. Inafaa kwa siku mbili tu. Ikianza kunuka uchachu, imwage na upike nyingine.

Rangi. Manjano ya jikoni yaliyochanganywa na gundi hiyo hutoa rangi ya njano iliyokolea. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi. Kahawa au chai iliyopikwa ikakaza hutoa kahawia. Udongo mwekundu uliochekechwa hutoa rangi ya matofali. Mwambie mtoto mapema kwamba njano ya manjano hupauka ikikaa juani, asije akahuzunika kuona picha yake imefifia ukutani. Kwa brashi, tafuna ncha ya kijiti cha mswaki mpaka nyuzi zitokeze, nayo itapaka vizuri kuliko brashi nyingi za bei ndogo zinazonyonyoka nywele.

Udongo wa kufinyangia. Uloweke usiku kucha, utoe mawe na mizizi, uukande mpaka usishike tena mikononi. Vitu vinavyofinyangwa visizidi unene wa kidole, na vikaushwe kivulini kwa siku kadhaa. Vikianikwa juani siku ya kwanza hupasuka, na mtoto hulia.

Tahadhari. Usitumie karatasi za mifuko ya saruji, kwa kuwa vumbi lake huwasha ngozi na macho. Usimwache mtoto achezee chokaa, wala unga mweusi wa ndani ya betri. Rangi za unga zinazotumika kuchovyea miyaa, yaani majani ya kusukia mikeka, zisiingie katika vyombo vya chakula. Na kwa wasichana wanaopenda kuchorana maua mikononi, tumia hina ya majani peke yake: piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, likichanganywa na rangi ya nywele linaweza kuunguza ngozi ya mtoto na kumwachia makovu.

4. Mpe jambo la kutatua, usimpe mfano wa kunakili.

Mzazi akichora nyumba ubaoni na kumwambia mtoto aichore vile vile, mtoto atajifunza kwamba nyumba ni moja tu na kwamba mkubwa ndiye mwenye nyumba iliyo sahihi. Badala yake mpe swali ambalo hata wewe huna jibu lake. Tengeneza chombo kitakachoelea na kubeba vizibo kumi bila ya kuzama. Nichoree njia ya kutoka hapa mpaka kisimani, na kila kitu kinachonuka njiani. Nionyeshe kwa mwili wako namna kaa anavyokimbia anapoona mtu. Tengeneza kofia ya mfalme kwa makuti.

Nataka utazame jambo moja kwa karibu ili uone ninachokusudia. Mtoto wa miaka 8 wa Pemba alikuwa akitengeneza gari la dumu la mafuta ya kupikia, magurudumu yake akiyakata katika ndara zilizokwisha. Gurudumu la mbele lilikuwa linayumba, kwa sababu tundu lilikuwa limepanuka na kijiti cha ekseli kikawa kinacheza ndani yake. Alifunga uzi, ukakatika. Alijaza karatasi, zikalowa. Mwisho alitoboa vizibo viwili vya soda, akavibana kimoja kila upande wa gurudumu, na gari likaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa uchochoro. Kazi yote hiyo ilichukua jioni nzima, na mjomba wake aliyekaa barazani aliitazama bila ya kunyanyuka. Angeweza kumaliza tatizo lile kwa dakika mbili, na alifanya vyema kutolimaliza, kwa kuwa mtoto yule sasa anajua kwamba jambo likikataa mara mbili huenda likakubali mara ya tatu.

Kwa hivyo unapoona mkono wako unataka kwenda kumsaidia, urudishe. Ingilia kati kwa mambo mawili tu: hatari, na ombi la mtoto mwenyewe. Na hata akiomba, muulize kwanza amekwisha kujaribu nini.

Michezo ya asili ya visiwa vyetu imejaa mambo ya namna hii. Kutengeneza tiara ni somo la mizani ya vitu, kwa sababu mkia ukiwa mfupi tiara huzungukazunguka na ukiwa mzito hairuki. Kutengeneza ngalawa ndogo na kuikimbiza majini ni somo la tanga na upepo, ilimradi mtu mzima awepo pwani na maji yawe yametoka au yawe mafupi.

5. Zungumza naye juu ya kazi yake kwa namna inayofaa.

Mtoto akikuletea picha, watu wengi husema mojawapo ya mambo matatu: "nzuri sana", au "hii ni nini?", au "mbona mkono huu ni mrefu?" Yote matatu yana hasara. La kwanza halimwambii lolote, naye baada ya muda ataona kwamba hutazami. La pili linamwonyesha kwamba kazi yake haikueleweka. La tatu linamfanya ahesabu makosa kabla ya kuanza picha inayofuata.

Jaribu njia hii. Kaa chini uwe sawa na macho yake. Tazama kazi kimya kwa muda wa kutosha kumwonyesha kwamba unaitazama kweli. Kisha taja kitu unachokiona: "Naona bahari umeipaka mara mbili, upande huu imekoza." Halafu mwambie, "Nisimulie." Atakapoanza kusimulia utagundua kwamba mkono ule mrefu ni mrefu kwa sababu baba anachuma embe juu ya mti, na kwamba bila ya urefu huo asingeweza kulifikia.

Sifa nazo zielekee kwenye juhudi na maamuzi yake: umekaa nayo muda mrefu, ulipoona karatasi imechanika ulitafuta njia nyingine, rangi hizi umeziweka pamoja na zinapendezana. Maneno kama "wewe ni msanii mkubwa" yapunguze. Mtoto aliyepewa cheo huogopa kukipoteza, na anayeogopa hajaribu jambo jipya.

Wala usimlipe kwa kila picha. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wadogo waliopenda kuchora: waliochora kwa kuahidiwa zawadi walionekana baadaye kupungukiwa na hamu ya kuchora kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Peremende uliyonayo mfukoni mpe kwa sababu ni mwanao.

6. Mlishe maneno.

Ubunifu wa lugha ndio urithi wetu ulio karibu zaidi, na hauhitaji hata senti moja. Baada ya isha, kabla ya kulala, rudisha desturi ya paukwa pakawa. Simulia hadithi mpaka pahala sungura ameshikwa, kisha unyamaze na umwambie mtoto aimalize. Siku ya pili mwambie aibadilishe: mtego ule ungekuwa kisiwani Kojani ungekuwaje? Tegeaneni vitendawili, na anayeshindwa atoe mji kama kawaida, lakini uongeze sharti kwamba kila mmoja atunge kimoja chake kuhusu kitu kilichomo chumbani.

Mtoto akifika miaka 8 au 9 mwanzishe katika ushairi kwa viganja vya mikono. Usimweleze kwanza kina ni nini wala mizani ni nini. Piga makofi, kofi moja kwa kila silabi:

Mama kaenda sokoni, kanunua ndizi mbivu,

Makofi manane, pumzi, makofi manane. Akishaushika mdundo, mwachie mshororo wa pili, kwa sharti kwamba pumzi ya katikati imalizike kwa "ni" na mwisho umalizike kwa "vu". Mtoto mmoja alijibu hivi:

Kazitia pakachani, zikaliwa na wavivu.

Hesabu makofi yake, yametimia. Acha acheke kwa alichokitunga, umwombe mshororo wa tatu, na ukifika wa nne tayari ana ubeti. Yakipungua makofi usimwambie amekosea. Rudieni kupiga pamoja na sikio lake litamwambia. Sharti dogo la namna hiyo haliui ubunifu. Mtoto aliyeambiwa "tunga chochote" hukaa kimya, lakini aliyeambiwa "tunga kinachoishia na vu" huanza papo hapo kutafuta.

Kwa mtoto anayependa sauti, mwache asome kasida anazojifunza chuoni kwa sauti yake, apige mdundo kwenye madumu, asikilize taarabu pamoja na wakubwa na aulizwe ni chombo gani kinachotangulia, udi au fidla.

7. Msaidie amalize, kisha hifadhi.

Watoto huanza mambo mengi. Hilo ni sawa kwa mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, chagueni pamoja kazi moja kila mwezi ambayo lazima ifike mwisho, na kazi isiyokwisha leo iwekwe pahala ambapo hakuna mtu atakayeifagia. Kufagia kazi ya mtoto ambayo haijakwisha ni kosa kubwa, na hufanywa kila siku na watu wema wanaotaka nyumba iwe safi.

Kazi iliyokwisha iandikwe nyuma jina na tarehe, iingie katika boksi. Kila baada ya miezi mitatu lifungueni mtazame pamoja. Ataona mwenyewe alikotoka.

8. Mtafutie fundi.

Wakati utafika ambapo anayoyataka mtoto yatazidi unayoyajua wewe. Dalili yake ni maswali: kwa nini nakshi za mlango huu hazikatiki, udi una nyuzi ngapi, rangi hii kwenye mkeka imeingiaje. Hapo ndipo mafundisho yanapofaa.

Visiwani hatuna uhaba wa mafundi. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi na akatembeza vyungu akivinadi kwa sauti yake. Alipohamia mjini akapata wa kumfundisha uimbaji, na mwaka 1928 akafika Bombay, India, kurikodi nyimbo zake kwenye santuri. Sauti alikuwa nayo tangu shambani, lakini palihitajika mtu wa kuisikiliza na kuifundisha.

Anza na walio karibu. Bibi anayesuka ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, ni mwalimu kamili. Tazama anavyofanya: mtoto humpa ukili alioumaliza, naye huupitisha polepole baina ya kidole gumba na cha shahada, macho yake yakiwa pengine, na pale uliposukwa kwa kulegea kidole husimama. Hasemi kitu. Huufumua mpaka hapo na kumrudishia. Baada ya wiki chache mtoto huanza kuupitisha vidoleni mwake mwenyewe kabla ya kumpelekea bibi, na hapo amekwisha kujifunza kuikagua kazi yake. Vivyo hivyo kwa fundi wa kofia za mkono, fundi seremala, mchonga nakshi, na mwalimu wa ngoma. Kwa anayetaka ala za taarabu, Mjini Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2002. Uliza kwanza masharti ya umri na ada.

Kwa anayependa nakshi, tembea naye Mji Mkongwe mkihesabu milango yenye minyororo, yenye samaki na yenye yungiyungi, naye achore katika daftari lake lile linalomvutia. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kusimama mlangoni kwake kwa muda mrefu.

Kabla ya kumkabidhi mtoto kwa fundi, hakikisha mambo mawili. Kwanza, kwamba atafundishwa na hatakuwa wa kufagia na kutumwa tu. Kufagia karakana ni adabu, lakini baada ya mwezi awe amekwisha kushika chombo cha kazi. Pili, na hili usilionee haya hata kama fundi ni mtu wa heshima au ni jamaa, mafunzo yafanyike pahala pa wazi, mlango usifungwe, mtoto asibaki peke yake na mtu mzima, nawe uwe unapita bila ya kutoa taarifa. Fundi mwema hatochukia.

9. Mpe watazamaji.

Si lazima yawe mashindano. Picha tatu kwenye ukuta wa ukumbi, shairi moja linalosomwa mbele ya jamaa Sikukuu, mkeka mdogo anaopewa shangazi kama zawadi. Muulize mtoto kwanza kama anataka kuonyesha. Usimsimamishe mbele ya wageni kwa kumshtukiza, wala usiweke picha zake mtandaoni pamoja na jina na skuli yake.

YANAPOKWAMA

Anachora kutani. Mpe ukuta wake. Kipande kimoja cha ukuta wa uani, kilichowekewa mpaka kwa mstari, apewe mkaa na chaki, na kila mwisho wa mwezi kioshwe au kipakwe upya. Nje ya mpaka ni marufuku, na akivuka aoshe mwenyewe.

Alikuwa akichora sana, sasa amefika miaka 9 au 10 na hataki tena. Jambo hili ni la kawaida kwa umri huo. Macho yake yamekomaa kuliko mkono wake, anaona kwamba ng'ombe wake hafanani na ng'ombe, naye anaona haya. Huu ndio umri ambao mafundisho humfaa: mwonyeshe namna ya kupima kwa penseli aliyoinyoosha mbele ya jicho, achore kitu kilichotulia mbele yake kama birika au kifuu, aanze na vivuli. Au mbadilishie kazi, aingie kwenye kusuka, kuchonga au kufinyanga, ambako kufanana si hoja.

Ananakili katuni za kwenye simu. Usimkataze, kwa kuwa kunakili nako hufundisha mkono. Mwombe tu amhamishe yule wa kwenye katuni: amchore akiwa Konde, akipanda daladala, akichuma karafuu. Atalazimika kubuni yaliyobaki.

Anatumia mkono wa kushoto. Mwache achore, akate na aandike kwa mkono huo. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia inaweza kufundishwa bila ya kugusa kalamu, na watoto huzitofautisha shughuli hizo mbili bila ya shida.

Wazee wa nyumbani hawapendi picha za viumbe au muziki. Usiligeuze jambo hili kuwa ugomvi juu ya kichwa cha mtoto. Uwanja uliobaki ni mpana mno: nakshi za maua na majani, miraba na nyota zinazorudiwa kwa bikari na rula, khati za Kiarabu, ususi, ushonaji wa kofia, ushairi, kasida, ujenzi wa vyombo vya kuchezea. Mtoto mwenye jicho la kuchora ataridhika kwa miaka mingi na nyota za pembe nane peke yake, maana hazina mwisho.

Walimu wanalalamika kwamba hasomi. Angalia kwanza ratiba, pengine saa yake imeanza kula muda wa masomo. Irudishe kwenye mpaka wake. Angalia pia kama anachora daftarini wakati wa somo. Wapo watoto wanaosikiliza vyema mkono ukiwa unafanya kazi, na njia ya kujua ni kumuuliza somo lilihusu nini. Mwaka wa mtihani mpunguzie siku, zisifike sifuri.

Hakuna kinachomvutia. Rudi hatua ya 1, lakini mara hii mtazame akiwa nje ya nyumba: pwani, shambani, kwenye karakana ya jirani, jikoni. Wapo watoto ambao ubunifu wao ni wa kupanga mambo, kupika, kuongoza mchezo wa wenzao na kuwatungia kanuni mpya. Angalia pia kama anaona na kusikia vizuri, na kama anapata usingizi wa kutosha, kwa sababu mtoto aliyechoka huonekana mvivu wa kila kitu. Mpeleke akapimwe macho kabla ya kuamua kwamba hapendi kuchora.